Kabla ya simu kulikuwa doti: historia ya biashara ya nguo mashariki mwa Congo

Siku hizi ukifungua WhatsApp mjini Goma, Bukavu, Butembo au Bunia, haupiti muda mrefu bila kukutana na picha ya nguo. Ni msichana anayeonyesha libaya aliloshona mwenyewe, au ni kijana aliyetandika mashati ya kikwembe juu ya kitanda na kuandika bei chini yake, kwa franka na kwa dola. Wengi wao hawana duka. Baadhi yao hawana hata nyumba: wanakaa kwa jamaa waliowapokea baada ya vita kuwatoa Masisi, Rutshuru au Nyiragongo, na mashini ya kushona wanaiazima kwa jirani.

Wazee wanatazama na kusema hii ni biashara ya kizazi kipya. Vijana nao wanaamini wameanza jambo ambalo babu zao hawakulijua. Historia yetu inasema vingine. Kumuuzia nguo mtu usiyemwona, kupokea malipo toka mbali, kutegemea njia ambayo si yako: mambo hayo watu wa mashariki mwa Congo wanayajua kwa zaidi ya miaka 150. Kilichobadilika ni njia. Na kila njia mpya ilileta wateja, kisha ikadai kitu chake. Tukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua, kijana anayeanza leo na simu moja ataona pa kushika na pa kujihadhari.

Nguo ilipokuwa pesa

Kabla ya pamba kufika, watu wa inchi hii walivaa kilichotoka msituni. Ituri, Wambuti walipondaponda gome la mti mpaka likawa laini kama kitambaa. Wanaume walilipiga, wanawake wakalichora. Kasai, Wakuba walifuma rafia: mwanaume alifuma, mwanamke akatia nakshi kwa sindano, na kipande kimoja cha kazi nzuri kilikula siku nyingi. Upande wa magharibi, katika ufalme wa Kongo, vipande vya rafia vilitumika kama pesa. Kimoja kiliitwa lubongo, vingi mbongo. Hata leo mtu wa Kinshasa akikuuliza kama una mbongo, anauliza kama una pesa.

Huku kwetu mashariki, pesa ya nguo ilitoka baharini. Tangu miaka ya 1830, meli za Salem, mji wa Marekani, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani. Wapagazi walikibeba vichwani na mabegani toka Bagamoyo hadi Tabora, toka Tabora hadi Ujiji, wakavuka ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika Maniema ya leo. Kiswahili tunachokiongea kwenye redio na sokoni kiliingia kwa njia hiyo hiyo.

Kipimo kilikuwa kimoja njia nzima: mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Mnunuzi wa Nyangwe hakumjua mfumaji wa Salem wala hakuijua Salem yenyewe. Lakini alijua doti ni nini, na ukimpa doti pungufu alikurudishia. Bila kipimo ambacho watu wawili wasiojuana wanakikubali, nguo isingefika mbali namna hiyo.

Biashara hiyo ilikwenda kwa mkopo. Hata Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Kasongo, alipewa mali na Taria Topan, tajiri Mhindi wa Zanzibar, na malipo yalirudi baada ya miaka, kwa pembe za ndovu. Aliyekopesha alikaa pwani, aliyekopa alikuwa mbali bara, na kilichowaunganisha kilikuwa jina na barua. Tena njiani kulikuwa na hongo. Kila msafara ulipoingia inchi ya mtemi, ulilipa kitambaa ndipo upite. Leo neno hilo tunalitumia kwa rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia: ukikataa, njia inafungwa.

Tusiipambe historia hiyo. Njia ya merikani ilikuwa pia njia ya watumwa na ya bunduki. Soko la Nyangwe lilikuwa soko la wanawake, waliokuja kwa mitumbwi na kwa miguu kuuza samaki, vyungu na chakula. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa misafara walifyatulia risasi umati wa soko hilo, na mamia ya watu walikufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. David Livingstone alikuwapo na aliandika alichokiona. Anayesema biashara huleta amani kila inapopita, na akumbuke Nyangwe.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba njia ndefu huumia kwa ugomvi wa mbali. Marekani ilipopigana yenyewe kwa yenyewe, toka 1861 hadi 1865, merikani ikapungua Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Mtu wa Maniema hakujua lolote juu ya vita hivyo, lakini vilibadilisha kitambaa alichovaa.

Pamba yetu, kitambaa cha wengine

Wabeleji walipotawala, merikani haikuwa pesa tena. Faranga ilichukua nafasi. Lakini serikali ya ukoloni ilitaka pamba kwa viwanda vya Ubelgiji. Kuanzia mwaka 1917, ilani ya serikali iliwalazimisha wanakijiji kulima pamba, na mwaka 1920 kampuni ya Cotonco ikaanzishwa kuinunua. Kila eneo lilikuwa na kampuni yake, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kuuza kwingine. Bei ilipangwa bila yeye. Aliyekataa kulima alipigwa kiboko au alifungwa. Maniema na Uele, wazee walisimulia habari hizo kwa watoto wao, na wajukuu wengine bado wanazo.

Tazama mzunguko wake. Pamba ilitoka shambani kwetu kwa bei ya chini, ikavuka bahari, ikarudi kama kitambaa kwa bei ya juu. Viwanda vilijengwa pia humu ndani: Texaf ilianzishwa mwaka 1925 na kiwanda chake kilikuwa Léopoldville, ambayo ni Kinshasa ya leo; na Albertville, tunayoiita Kalemie, kulikuwa Filtisaf, iliyosokota na kufuma kando ya ziwa Tanganyika. Viwanda hivyo viliajiri watu wengi, lakini mwenye mali na mwenye kupanga bei hakuwa Mkongomani.

Kikwembe chenyewe kina safari yake. Ufundi wa kuchora kitambaa kwa nta ni wa Java, Indonesia, na huko huitwa batiki. Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, wakaiga kwa mashine. Kiwanda cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846 na Pieter Fentener van Vlissingen, ndicho kinachoitwa leo Vlisco. Waafrika wa magharibi ndio walioipenda zaidi nguo hiyo, wakaipa majina na maana, na ikaenea mpaka kwetu. Kwa hiyo kikwembe ambacho mama anakivaa harusini kama vazi la asili kina mizizi ya Java, mashine ya Uholanzi, na siku hizi mara nyingi lebo ya China.

Cha kwetu katika kikwembe hicho ni mshono. Wakati wa ukoloni, wasichana na wamama walifundishwa kushona katika misheni kwa masista na katika zile nyumba zilizoitwa foyer. Nia ya Wabeleji ilikuwa kupata wake wa nyumbani wanaofuata desturi za Kizungu. Wanawake wengi wakatoka humo na sindano na wakaigeuza kuwa riziki. Neno foyer bado linatumika mitaani kwa mahali pa kujifunzia kushona, na sehemu ya kukata na kushona bado iko katika shule zetu.

Abacost, maduka na mitumba

Baada ya uhuru, serikali yenyewe ikaingia kabatini. Mwaka 1972 Mobutu alikataza suti na tai, akaleta abacost, koti la kola fupi lisilovaliwa na tai. Jina lake limetoka kwenye maneno ya Kifaransa yanayosema suti ianguke. Wanawake walitakiwa kuvaa kikwembe. Wakubwa wengine wa utawala waliagiza abacost zao Ubelgiji, jambo ambalo watu walilicheka kimya kimya. Mtumishi wa kawaida alikwenda kwa fundi wa mtaani. Kwa karibu miaka 18, mpaka Mobutu alipolegeza sheria mwezi Aprili 1990, amri ya serikali ilimpa fundi wateja. Na ilipoondolewa, kazi hiyo ikapungua nayo. Fundi aliyejua kushona abacost tu alibaki na ujuzi ambao hakuna aliyeuomba.

Tarehe 30 Novemba 1973 ilitangazwa zairianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa raia, mara nyingi wenye uhusiano na watawala. Waliopewa wengi waliuza kilichokuwa kwenye rafu na hawakuagiza kingine. Wateja hawakuhamia kwao, wala waliokuwa wakileta mali hawakuwaamini. Duka lilibadilisha mwenyewe kwa siku moja, lakini jina la kuaminiwa halikuhamishika kwa amri.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 kiwanda cha Sotexki kilijengwa Kisangani, na kwa muda vikwembe vyake vilivaliwa inchi nzima. Kisha uchumi ukaanguka, pamba ikapungua, umeme ukakatika, barabara zikafa, vita vikaja. Filtisaf ilinyamaza. Kiwanda cha Kinshasa, kilichobaki na jina la Utexafrica, kilisimamisha kazi ya vitambaa mwaka 2007. Pengo hilo lilijazwa na mitumba toka Ulaya na Marekani, na vitambaa vya bei nafuu toka Asia.

Mitumba iliwavisha watu wakati mishahara ilikuwa imekwisha maana, na haifai kuitukana. Lakini ilimwondolea fundi kazi ya kila siku: shati la kwenda shule, suruali ya kwenda shamba. Akabaki na nguo za siku kubwa: harusi, matanga, sikukuu, sare za kanisa na za chama. Hizo mitumba haikuziweza, kwa sababu hutapata katika balo moja mavazi 30 ya kikwembe cha aina moja, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe. Ukiangalia picha za vijana wanaouza kwa simu leo, utaona kwamba wengi wamesimama palepale ambapo mitumba ilishindwa kufika.

Foni, makasha na simu za kwanza

Wasikilizaji wenye umri watakumbuka foni, ile redio ya mawimbi ya mbali iliyokuwa kwenye misheni, kwenye kampuni na kwa watu waliofanya kazi ya kuwasiliana. Wakati posta ilikuwa imekufa na simu za nyaya haziitiki, ulikwenda kwenye nyumba ya foni, ukalipa, ukasema mbele ya watu wote: niletee balo 2 za vikwembe, pesa atakupa shemeji. Mtu wa upande wa pili akajibu, wote mlio kwenye mstari mkasikia. Hakukuwa na siri, lakini kulikuwa na mashahidi.

Wafanyabiashara wa Butembo walikwenda mbali zaidi. Mji wao haukuwa na msaada mkubwa wa serikali, lakini walijenga njia yao: mali toka Dubai na China, bandari ya Mombasa, barabara ya Uganda, mpaka wa Kasindi. Waliagiza pamoja, wakagawana makasha, wakadhaminiana. Vikwembe vingi vya soko letu vilipita njia hiyo. Hawakuwa na intaneti; walikuwa na watu waliojuana kwa ukoo, kwa kanisa na kwa kulipa madeni kwa wakati.

Kisha simu ya mkononi. Telecel ilianza Kinshasa mwaka 1986, mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika, lakini ilikuwa ya matajiri na wakubwa. Watu wa kawaida walipata simu baada ya mwaka 2000. Vodacom ilianza kazi Congo mwaka 2002, mwaka ule ule ambao Nyiragongo iliunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Goma, tarehe 17 Januari. Mwaka 2012 M-Pesa, iliyokuwa imezaliwa Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu. Mwaka 2013 Congo ikaunganishwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari huko Moanda. Mwaka 2018 WhatsApp ikatoa programu ya wafanyabiashara, na mwaka 2019 ikaongeza katalogi, ambapo mtu anapanga picha za mali yake na bei zake.

Kwa fundi wa kushona, badiliko kubwa katika hayo yote lilikuwa lile la 2012. Picha ilikuwa inaweza kutumwa hata kabla. Kilichokuwa kigumu ni mteja wa Uvira kumlipa fundi wa Goma jioni hiyo hiyo bila kumtafuta msafiri wa kubeba pesa. Kabine ya M-Pesa au ya Airtel Money, na mwavuli wake pembeni mwa barabara, ndiyo iliyolipa mashini ya kushona wateja wa mji mwingine.

Kazi inavyokwenda leo

Tuseme dada mmoja ameona picha ya gauni. Anaandika, anasikiliza sauti aliyotumiwa, wanaelewana bei. Fundi anamwomba vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Hapa ndipo nguo nyingi huharibika, kwa sababu mteja anajipima juu ya sweta, au anakumbuka kipimo cha kabla ya mtoto. Fundi mwangalifu humtumia picha inayoonyesha utepe unapopita, au humwomba aende kwa fundi wa karibu ampime. Ni ile ile kazi ya doti: kukubaliana kipimo kabla ya kukata.

Kisha avansi. Mafundi wengi huomba avansi inayotosha kitambaa, na bei ya mkono hulipwa nguo ikifika. Mpango huo una akili. Mteja akitoroka, fundi amepoteza kazi yake lakini hakupoteza pesa ya kitambaa. Fundi akitoroka, mteja amepoteza avansi lakini si bei yote. Kila mmoja ana kitu cha kupoteza, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kumaliza vizuri. Mwisho ni usafirishaji: motari mjini, boti kati ya Goma na Bukavu wakati zinapokwenda, dereva anayejulikana kwenye barabara. Nguo inapofika, mteja anapigwa picha akiwa ameivaa, na picha hiyo inamleta mteja mwingine.

Mali kubwa hapo ni picha ya mteja aliyeridhika, na orodha ya namba za watu wanaokuamini. Jambo hilo lina uzito kwa familia zilizohama. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama na watu wakakimbilia Sake, Bukavu au Gisenyi, wengi waliacha mashini nyumbani. Mwezi Januari 2025 vita vilipoingia Goma, na mwezi Februari Bukavu, hali ilikuwa nzito zaidi, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizoizunguka Goma zikatawanyika. Mashini haikimbii na mtu. Ikiwa biashara yako ni duka, umeacha biashara. Ikiwa biashara yako ni mikono na watu wanaojua kazi yako, unaweza kuanza tena mahali pengine kwa mashini ya kuazima.

Hongo ya njia mpya

Lakini tusidanganyane kwamba simu imetuweka huru na wenye njia. Anayeuza kwa simu hana barabara, hana mnara, hana programu. Kila mega anazonunua ni hongo yake ya kupita. Mwaka 2020 serikali ilianza kukata kodi ya RAM moja kwa moja kwenye inite za simu. Wananchi walilalamika, wabunge wakaipinga, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kwa mtu wa simu kubwa mjini ilikuwa kero. Kwa msichana anayeanza na dola chache, ilikuwa faida ya nguo.

Na njia inaweza kufungwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa inchi nzima kwa karibu wiki 3. Siku za mapigano ya Goma, mwishoni mwa Januari 2025, umeme, maji na intaneti vilikatika. Baadaye benki zikafunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Aliyekuwa na pesa kwenye simu alipata taabu kuigeuza iwe pesa ya mkononi, kwa kuwa kabine zenyewe hazikuwa na pesa za kutosha. Ni merikani ya 1861 tena: ugomvi wa wengine, nguo yako inasimama.

Kuna habari moja toka Kinshasa inayostahili kujulikana na kila kijana wa kazi hii. Kiwanja cha Utexafrica, ambapo mashine za kufuma zilinyamaza mwaka 2007, hakikubaki mahame. Texaf iligeuza majengo kuwa nyumba na ofisi, ikafungua hapo Silikin Village, mahali pa vijana wa teknolojia; na mwaka 2024 kituo cha kuhifadhi data cha intaneti kilifunguliwa hapo hapo. Ni ardhi ile ile na kampuni ile ile ya 1925. Kwanza iliuza vitambaa, leo inakodisha nafasi ya intaneti. Mwenye njia alijua kubadili njia. Swali ni kama fundi naye atabadilika bila kupoteza kilicho chake.

Cha kushika

Kutoka katika historia hiyo tunaweza kutoa mambo machache, na hayahitaji mtaji.

La kwanza ni kipimo. Kaye ya vipimo vya wateja ni mali. Iandike kwa kalamu, kisha uipige picha na kuituma kwa ndugu aliye mji mwingine. Simu ikiibiwa, kaye ipo. Kaye ikiungua, picha ipo.

La pili ni namba. Namba ya simu ndiyo mlango wa duka, na ndiyo pia akiba ya pesa. Isajiliwe kwa jina lako wewe, si la kaka wala la aliyekuuzia kadi, kwa sababu siku ya kuirudisha, kampuni itamtambua aliyesajiliwa. Weka namba ya siri kwenye WhatsApp. Na mteja akikutumia ujumbe kwamba amelipa, tazama kwanza salio lako; ujumbe wa uongo umewaliza wengi.

La tatu ni kutokuwa na njia moja. Abacost ilimfundisha fundi hasara ya kutegemea amri moja. Anayeuza kwa WhatsApp peke yake yuko hivyo hivyo. Mteja wa mtaani, sare za kanisa, kiosi cha rafiki kinachotundika nguo 2, vyote vibaki, ili intaneti ikikatwa chungu kisizimike.

La nne ni kuagiza pamoja, kama watu wa Butembo. Wasichana 5 wanaonunua kitambaa kwa pamoja hupata bei ambayo mmoja hapati, na kama mmoja amehama, wenzake wanaweza kumaliza kazi ya wateja wake na jina lake lisiharibike.

Ndugu wasikilizaji, sehemu kubwa ya historia hii haijaandikwa. Iko kwa mzee aliyefanya kazi Filtisaf ya Kalemie, kwa mama aliyejifunza kushona foyer, kwa fundi aliyeshona abacost ya mkuu wa eneo, kwa babu wa Maniema aliyelima pamba kwa lazima. Wengine wako katika familia zilizopokea wahami, wengine ni wahami wenyewe. Kijana mwenye simu, unapotoka kupiga picha nguo zako, mpige picha na mzee huyo pia, na urekodi sauti yake. Muulize alishonea nani, alilipwa nini, na siku ya kukimbia alibeba nini. Ukituletea, tutaisoma hewani.